Fulana ya kinga kwa mbwa wa kuwinda nguruwe pori: kola ni nzuri, kwapa ni tatizo

Nguruwe dume humchana mbwa zaidi ya kumchoma. Meno yake ya chini hunolewa na ya juu kila anapotafuna, na akirusha kichwa kuelekea juu mara moja tu, panapopasuka ni koo, kifua, kwapa au ubavu. Kwa hiyo fulana ya kinga tunaipima kwa sehemu hizo nne. Rangi na wingi wa mikanda havimsaidii mbwa.

Fulana tunayoikagua hapa ni ya vipande viwili. Kola pana inaziba koo kuanzia nyuma ya taya hadi mabegani, na bamba la kifua linapita katikati ya miguu ya mbele, kisha linafungwa mgongoni. Nje ni nailoni ya denia 1680, ndani tabaka za Kevlar (kitambaa cha nyuzi zisizokatika kirahisi), halafu sponji. Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, yaani inakuambia unene wa uzi na basi. Muuzaji akijisifia denia, muulize tabaka za ndani ni ngapi.

Kola peke yake inatosha kuwa sababu ya kununua. Mbwa wa kukamata hung'ang'ania sikio la nguruwe, na hapo koo lake linakaa jirani kabisa na yale meno. Hii imefungwa kwa bizimu za chuma, jambo jema, maana velkro ikishajaa mbegu za nyasi na tope haishiki tena, na kichaka cha kwanza kitaivua. Pete ya kushikia kola ya GPS, ile inayoonyesha mbwa alipo, nayo imewekwa juu ya shingo, panapostahili. Usiifiche kola ya GPS chini ya bamba: antena ikilala chini ya kitambaa kilicholowa na mwili wa mbwa, mawimbi hayafiki mbali.

Bamba linahimili mchano vizuri, lakini chomo la moja kwa moja ni habari nyingine. Nyuzi hujitanua zikaipisha ncha, na kishindo kinaweza kuvunja mbavu bila kitambaa kuonyesha hata alama. Mbwa akirudi na fulana nzima, mvue hivyo hivyo, umpapase kinyume cha manyoya. Tundu dogo kama punje ya mahindi linaweza kuwa limefika kwenye pafu, na hilo ni la daktari wa mifugo, si la sindano na uzi porini.

Kwapa ndipo fundi alipoharibu. Mkato uko juu mno, na ukingo umekunjwa mara mbili, mshono mgumu ukaachwa upande wa ngozi. Mbwa akikimbia kwa muda mrefu, hasa akiwa amelowa, ukingo huo unafanya kazi ya tupa. Mafuta ya kulainisha hayasaidii, yanakusanya mchanga tu. Mpelekee fundi viatu afumue mshono, apinde ukingo upande wa nje na kuuzungushia ngozi laini, bila kukata Kevlar.

Vipimo ni vitatu: shingo kwenye shina, kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, na urefu kutoka shina la shingo hadi ubavu wa mwisho. Vidole viwili vipite chini ya kila mkanda. Ikilegea zaidi ya hapo, itanasa kwenye kijiti au waya. Kwa mbwa dume, hakikisha ukingo wa tumbo hauzuii mkojo. Kabla ya kutoka, loweka fulana kwenye ndoo kwa dakika kumi, uipime uzito kabla na baada. Ikizidi kwa theluthi au zaidi, sponji inanyonya, na mbwa atakayevuka mto ataogelea na mzigo huo.

Halafu joto. Mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema, na fulana inamzibia upepo kifuani. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi joto 38 na 39.2 za Selsiasi hivi. Likipita 41 ni hatari ya kifo: vua fulana palepale, mmwagie maji, mpepee, ndipo umsafirishe. Usimfunike kwa taulo iliyolowa, maana inafungia joto ndani. Kwa sababu hiyo, mbwa wa kuzingira na kubweka, anayekimbia saa nzima bila kumgusa nguruwe, tungemvalisha kola tu. Fulana kamili ni ya yule wa kukamata, naye avalishwe pale anapokaribia kuachiwa.

Usafi unataka akili. Kwa nguruwe pori wa Australia kuna bakteria aitwaye Brucella suis, anayewapata mbwa na hata watu. Marekani nguruwe hao hubeba ugonjwa wa Aujeszky, ambao mbwa akiupata kwa kawaida hufa ndani ya siku chache. Mkono unavutwa kwenye dawa ya klorini, lakini klorini huila Kevlar, na jua nalo huidhoofisha. Vaa glavu, osha kwa sabuni laini na maji mengi mpaka yatoke meupe, anika kivulini, kisha ukunje tabaka kwa vidole ukitafuta palipokatika ndani ambapo nje hapaonekani.