Uzoefu wangu na kasha la nzi bandia kwa anayeanza kuvua trauti kijitoni

Nimelitumia kasha hili la nzi bandia, yaani ndoana zilizofungwa nyuzi na manyoya ili zifanane na wadudu, kwa msimu mzima kwenye vijito vyembamba vyenye maji baridi na mawe mengi, na maoni yangu ni kwamba linamfaa anayeanza, ilimradi ajue mapema kuwa karibu nusu ya vilivyomo ni mapambo. Ndani mna pande mbili za sponji: upande mmoja nzi wanaoelea, upande wa pili wanaozama. Katikati wamechomekwa wakubwa wachache wenye mikia mirefu ya rangi kali, ambao hawamwigi mdudu yeyote ninayemfahamu na ambao, nadhani, wamewekwa kumnasa mnunuzi kuliko samaki.

Kati ya wanaoelea, wawili ndio waliofanya kazi kubwa. Wa kwanza ni Adams, aliyebuniwa Michigan, Marekani, mwaka 1922. Rangi yake ya kijivu haimfuati mdudu mmoja mahususi, na hiyo ndiyo faida yake kwa mtu ambaye bado hajui kuwatofautisha wadudu wa majini. Wa pili ni Elk Hair Caddis, ambaye bawa lake la manyoya ya elki, aina ya kulungu mkubwa, humwezesha kuelea hata pale maji yanaporukaruka juu ya mawe, tena huonekana kwa urahisi kutoka mbali.

Hata hivyo, trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, na hapo ndipo kasha hili linapopungukiwa. Ukiinua jiwe bapa kijitoni na kuligeuza, utaona mabuu ya kahawia yakikimbilia upande wenye kivuli, na mengine yakiwa yamejificha ndani ya vifuko vilivyojengwa kwa chembe za mchanga. Pheasant Tail, mmoja wa nzi wanaozama, huyaiga mabuu ya namna ile ya kwanza vizuri sana. Frank Sawyer, mlinzi wa mto nchini Uingereza aliyembuni, alimfunga kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi ili apate uzito wa kuzama. Wale niliowapata kasha lilipokuwa jipya walifungwa kwa uzi mtupu, kwa hiyo walipita katikati ya maji, juu mno ya samaki waliokaa karibu na changarawe. Nililazimika kuongeza kipande kidogo cha madini ya risasi kwenye mshipi ili wazame, jambo ambalo anayeanza hapaswi kusumbuliwa nalo, kwa kuwa risasi huharibu mrusho na kuongeza mafundo.

Jambo jingine la kuudhi ni gundi. Baadhi ya ndoana zilikuja na tundu la kufungia mshipi likiwa limezibwa nayo, na kulizibua kwa ncha ya ndoana nyingine ukiwa umesimama ndani ya maji yanayokufika magotini ni kazi ya kukuchosha kabla hujarusha hata mara moja. Wakague wote nyumbani. Ukubwa wao, kwa upande mwingine, umechaguliwa kwa busara: namba 12 hadi 18, na ikumbukwe kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo. Kwa maji ya kawaida, 14 na 16 zilinitosha.

Kijitabu kilichoambatanishwa kinashauri ubadilishe nzi kila samaki wanapokataa. Sikubaliani nacho. Trauti hukaa akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa hiyo mvuvi humwendea kutoka chini ya mkondo, akiinama, na kurusha mshipi mfupi kwenye mpaka kati ya maji ya kasi na maji yaliyotulia, ambako samaki hupumzika huku chakula kikimpitia karibu. Nzi akiburutwa na mshipi na kuacha mfuo juu ya maji, hata awe mzuri namna gani, atakataliwa. Inua ncha ya ufito ili mshipi usiguse maji ya kasi, mwache nzi aende sawa na povu linaloelea kando yake, kisha ndipo ufikirie kumbadilisha.

Mbinu iliyonipa matokeo bora ni kumfunga Elk Hair Caddis juu, kisha kwenye kipindo cha ndoana yake kuunganisha mshipi wa sentimita 40 hivi wenye Pheasant Tail mwishoni. Yule wa juu akisita au akizama ghafla, inua ufito mara moja bila kusubiri kuhisi mvuto. Mshipi wa 5X, wenye unene wa takriban milimita 0.15, unawabeba wote wawili bila kuwatisha samaki.

Ndoana zote zina kijino kinachozuia samaki asichomoke, nami nilivibana kwa koleo ili kuwaachia samaki haraka bila kuwaumiza. Maji yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi siwavui kabisa, kwa sababu joto hilo huwachosha hata wakirudishwa salama.

Nyuzi za Adams zilianza kufumuka mapema, ilhali Elk Hair Caddis wamedumu. Nitakapolijaza kasha upya nitanunua mmoja mmoja, namba 14 na 16 tu, na nafasi za wale wenye mikia mirefu nitawapa wanaozama wenye shanga ya tangsteni, metali nzito, kichwani.