Betri ya Impreza WRX: ipi ununue, na jinsi ya kuifunga mwenyewe

Nilisimama Mtito Andei kunywa chai. Niliporudi garini na kuzungusha ufunguo, stata ikalia tik-tik-tik, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Gari langu ni Impreza WRX ya kile kizazi cha 2000 hadi 2007, lenye gia za mkono, kwa hiyo vijana wa pale walinisukuma nikaliwasha kwa gia ya pili. Betri ilikuwa na miezi minne kwa mujibu wa risiti. Kwa mujibu wa muhuri uliochapwa ubavuni mwake, ilikuwa imetengenezwa zaidi ya miaka miwili kabla ya siku niliyoinunua.

Tangu siku hiyo sinunui betri bila kuuliza imezaliwa lini. Betri ya risasi na asidi huzeeka hata ikiwa rafuni. Inajimaliza chaji polepole, na ikikaa na chaji ndogo, salfeti ya risasi huganda juu ya sahani zake mpaka haikubali tena kujaa. Dukani itaonekana mpya, ina plastiki yake na vifuniko vyake vyekundu, lakini nguvu imeshaondoka. Kwa hiyo katika mpangilio wangu huu, aina ya betri ni jambo la tatu. La kwanza ni tarehe, la pili ni saizi.

Kuhusu tarehe, kanuni yangu ni miezi sita. Betri iliyotengenezwa zaidi ya miezi sita iliyopita naiacha, labda muuzaji awe ameichaji mara kwa mara na akubali niipime mbele yake. Nenda na maltimita yako (kipima umeme), hata ile ya bei rahisi inatosha. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imeshapoteza kama robo ya chaji, na ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mimi betri mpya inayosoma chini ya 12.5 siitoi dukani. Muuzaji akikwambia, "Bosi, ukiiendesha itajaa yenyewe," mshukuru na uende duka la pili.

Soma namba za ubavuni

WRX ya kutoka Japani kwa kawaida hutumia betri iliyoandikwa 55D23L. Watu wengi, hata baadhi ya mafundi, hudhani 55 ni ampia-saa. Siyo. Ni daraja la uwezo wa betri kwa kipimo cha Kijapani, kinachojumlisha nguvu ya kuwasha na kiasi cha umeme inachohifadhi. D ni umbo la boksi, yaani upana wa kama milimita 173 na kimo cha kama 204. Namba 23 ni urefu kwa sentimita. L inaonyesha upande wa kichwa cha chanya: ukiigeuza betri vichwa vyote viwili viwe upande wako, chanya kiko mkono wa kulia. Ya R ina chanya kushoto. Ukichukua R kwa bahati mbaya, waya za gari hazitafika, na akitokea mtu wa kuzilazimisha anaweza kuunguza fyuzi kuu au altaneta.

Jambo zuri ni kwamba ile namba ya kwanza unaweza kuipandisha. 65D23L, 75D23L na 85D23L zote zinaingia katika sahani ileile ya kukalia betri na kufungwa na kishikio kilekile. Ukiwa na alamu, traka na amplifaya ya muziki, panda daraja. Usipanue boksi. D26 ni ndefu kwa karibu sentimita tatu, na nimeona watu wakiikaza kwa mpira wa tyubu kwa sababu haikai vizuri kwenye sahani. Gari linalopinda kwa kasi haliwezi kubeba kilo 15 za risasi zilizofungwa kwa mpira.

Namba nyingine utakayoiona ni CCA, nguvu ya kuwasha injini penye baridi. Hiyo hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo Mombasa haijapata kuiona. Inasaidia kulinganisha betri mbili za aina moja, lakini isikufanye ulipe zaidi. Adui wetu huku ni joto. Mafundi wa betri wana kanuni yao kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa betri karibu kwa nusu, na WRX ina tabo inayotoa joto jingi chini ya boneti. Simama kwenye foleni ya Changamwe saa nane mchana kisha ushike betri yako kwa mkono, utaelewa.

Nafasi ya kwanza: betri kavu ya kawaida, mpya kabisa

Hii ndiyo ninayoiendesha sasa, na ndiyo ninayompendekezea karibu kila mwenye WRX anayeliendesha kila siku. Tunaiita betri kavu ingawa ndani ina asidi ya majimaji. Tofauti yake ni kwamba imefungwa na sahani zake zina kalisi, kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana. Asidi nyingi ndani yake pia husaidia kubeba joto la injini, jambo ambalo betri za bei kubwa zaidi hazilifanyi vizuri. Bei yake unaweza kuimudu, saizi ya D23L haikosi madukani, na waranti unaweza kuidai mjini kwako. Kenya tuna bahati kwamba betri za Chloride Exide hutengenezwa Nairobi, kwa hiyo si vigumu kuipata iliyotoka kiwandani miezi miwili iliyopita. Yuasa na Amaron nazo ni nzuri, ila hizo zimesafiri kwa meli, basi angalia muhuri kwa makini zaidi.

Nafasi ya pili: AGM

Ndani ya AGM asidi imenyonywa na matandiko ya nyuzi za kioo, haichezi wala haimwagiki. Inavumilia mtikisiko, hujaa haraka, na hupoteza chaji polepole ikiegeshwa. Optima ya manjano ya saizi D35 inaingia pale inapokaa D23L, na ina uzito wa kama kilo 16. Kwa kawaida bei ya AGM ni kama mara mbili ya betri kavu.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya joto la boneti. AGM ina asidi kidogo, na ikikauka hakuna mahali pa kuongezea maji. Lakini kama gari lako ni la wikendi tu, au una muziki mzito, au betri yako iko kwenye buti, iweke nafasi ya kwanza. Wenye Mazda Roadster za zamani, zile zenye betri ndani ya buti, wasiingize betri ya maji humo kamwe. Huko nyuma panahitaji betri iliyofungwa na vibomba vya kutoa hewa nje, maana gesi inayotoka betri ikichajiwa ni haidrojeni.

Na kama gari lako lina mfumo wa kuzima injini lenyewe ukisimama kwenye taa, sahau nafasi ya kwanza. Hilo linataka AGM au EFB (betri ya maji iliyoimarishwa), ambayo kwa umbo la D23 huandikwa Q-85. Betri ya kawaida hapo haitadumu.

Nafasi ya tatu: betri ya maji

Baba yangu hakutumia nyingine, na zilimdumu. Ndiyo rahisi kuliko zote, na kwenye joto ina faida moja ya kweli, kwamba maji yakipungua unaongeza. Tumia maji ya betri yaliyosafishwa, siyo ya mfereji, na yafunike sahani tu, yasijae hadi juu. Lakini lazima uifungue na kuitazama kila mwezi. Ukisahau, sahani hukaa wazi na kufa, na mvuke wake hula vichwa, kishikio na rangi ya bodi. Kama una nidhamu hiyo, inunue bila wasiwasi. Ni kwa kuwa wengi wetu hatuna ndiyo maana nimeiweka hapa.

Nafasi ya nne: ndogo za mashindano, na lithiamu

Odyssey PC680 ni AGM ndogo ya ampia-saa 16, uzito kama kilo 7. Lithiamu ni nyepesi zaidi. Porsche walipoitangaza kwa 911 GT3 mwishoni mwa 2009, ilikuwa na uzito chini ya kilo 6, bei yake Ujerumani ilikuwa euro 1,904, na mnunuzi alipewa pia betri ya risasi ya kubadilishia siku za baridi kali. Huku kwetu baridi haisumbui, ila lithiamu nyingi hazitakiwi kuzidi nyuzi 60 hivi, na chini ya boneti ya gari lenye tabo kiwango hicho si kigeni.

Kuna hesabu nyingine. Alamu na traka vikinyonya miliampia 50 tu, kwa siku ni ampia-saa 1.2, kwa wiki mbili karibu 17. Betri ya kawaida ya ampia-saa 60 itabaki na zaidi ya nusu na gari litawaka. PC680 itakuwa imekwisha kabisa. Na ule uzito uliookoa, tuseme kilo 10, ni sawa na lita 13 au 14 za petroli. Kabla ya kutoa pesa hizo, jaribu siku moja kuendesha ukiwa na tangi nusu uone kama unahisi tofauti. Kwa gari la mashindano linalobebwa kwa lori na kuchajiwa gereji, hata mimi ningeinunua. Kwa la barabarani, hapana.

Betri iliyofufuliwa sikuipa nafasi. Usinunue.

Kuifunga mwenyewe

Kazi ni ya nusu saa na inataka spana namba 10, brashi ya waya, magadi soda na mafuta ya Vaseline. Kwanza hakikisha unajua namba ya siri ya redio kama redio yako inataka. Zima kila kitu, toa ufunguo, vua pete na saa ya mkononi. Weka gari mahali penye hewa, na pasiwe na mtu anayevuta sigara karibu.

Anza na hasi. Hili usilikosee. Bodi nzima ya gari imeungwa kwenye hasi, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa chuma chochote, umeme wote wa betri utapita ndani ya spana hiyo. Nimeona spana iliyobaki na alama ya kuchomelewa. Toa hasi, isogeze mbali, kisha chanya, kisha nati mbili za kishikio. Inyanyue betri kwa miguu, usitumie mgongo.

Sahani ya kukalia betri ikiwa na unga mweupe au wa kijani, changanya magadi soda na maji, mimina, sugua, suuza, acha ikauke. Hapa usiharakishe. Nimewahi kuitwa kuangalia betri mbovu mara tatu ambapo betri ilikuwa nzima na tatizo lilikuwa uchafu kwenye kichwa cha waya. Sugua ndani ya vichwa hadi chuma king'ae.

Kurudisha ni kinyume chake: weka betri, kaza kishikio mpaka isitikisike ukiisukuma, funga chanya, na hasi iwe ya mwisho. Cheche ndogo ukigusisha hasi ni kawaida. Kaza kwa kiasi, maana vichwa ni vya risasi na risasi ni laini. Paka Vaseline juu, rudisha kifuniko cha chanya.

Sasa usiwashe mara moja. Washa swichi bila kuzungusha stata, subiri kama sekunde 10, zima, kisha washa injini na uiache ingurume bila kukanyaga mafuta kwa dakika kumi. Kompyuta ya gari imesahau ilivyozoea, na mwendo wa injini utapanda na kushuka kidogo kabla ya kutulia. Injini ikiwa inanguruma, pima kwenye vichwa vya betri. Unataka kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, altaneta au mkanda wake ndio uliua ile ya zamani, na utaua hii pia. Ikiwa juu ya 15, simamisha gari umwone fundi umeme, maana betri inachemshwa.

Ya zamani

Usiitupe jalalani wala usimpe mtu anayezunguka na mkokoteni akinunua vyuma chakavu. Risasi iliyo ndani ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Hapa Mombasa tunaujua mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilitia risasi katika miili ya wakazi, watoto wakiwemo. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania kesi hiyo, akapewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Pesa hizo hazitoi risasi mwilini mwa mtoto.

Irudishe duka uliponunua mpya. Maduka makubwa huipokea na wengi hupunguza bei. Uliza inapelekwa wapi na usione haya kusubiri jibu. Garini ibebe imesimama wima ndani ya beseni la plastiki, na vichwa vyake vifunikwe kwa tepu.