Boksi la nzi wa mkate, nimelipeleka bwawani Kigamboni mara saba, majibu haya hapa

Nimekaa na hili boksi miezi miwili na nimeenda nalo bwawani mara saba, kwa hiyo naandika nilichokiona kwa macho yangu, sio maneno ya muuzaji. Lina nzi bandia 24 wa kuvulia samaki, nililipa elfu 65 pamoja na kusafirishiwa, nikaenda kulichukua kwa wakala Kariakoo. Kwa ambao hawajawahi kuona uvuvi huu, hapa hakuna minyoo wala ugali kwenye ndoano, unatumia kitu kilichofungwa kwa uzi na manyoya kifanane na chakula cha samaki, na kwa kuwa hicho kitu chenyewe ni chepesi kama unyoya kinachorushwa ni mshipi, ule mnene wa rangi, unaupiga nyuma unaupiga mbele mpaka ukinyooka vizuri ndo unauachia. Fimbo yangu ni futi 9, ya mshipi namba 6. Nzi wengi wa dukani wanaigiza wadudu au visamaki. Hawa hapana, hawa wanaigiza mkate, pelleti (zile punje za chakula cha samaki wa kufugwa) na tunda, yaani chakula ambacho mtu au mti umekidondosha majini.

Boksi limeandikwa carp na hilo inabidi ulielewe kabla hujatoa hela. Hao samaki, tuwaite kapi, kwao ni Ulaya na Asia, baadae wakapelekwa Marekani, Afrika Kusini na kwingine kibao. Wale samaki wa mapambo wenye mabaka mekundu na meupe wa kwenye vidimbwi vya hotelini, koi, ni kapi haohao waliofugwa kwa ajili ya rangi. Na huyu ningu wetu wa Ziwa Victoria ni ukoo mmoja nao. Kapi ana sharubu nne, ana mdomo unaochomoza kama mrija, anavuta chakula ndani, anakionja, kikiwa sio chenyewe anakitema hapohapo, na wapo wanaozidi kilo 40. Ndo maana wenzetu Uingereza wanamtupia nzi wa umbo la biskuti ya mbwa, maana biskuti ya mbwa inaelea na ndo wanayommwagia. Mi hapa Dar nina sato na kambale. Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja tu, je ujanja wa kapi utafanya kazi kwa sato wa kufugwa ambaye kila siku analishwa na mkono wa mtu?

Bwawa lenyewe silitaji jina, ni la familia, liko mbele ya Kibada, unalipa kiingilio elfu 10 na samaki utakayeondoka nae anapimwa kwenye mzani. Siku ya kwanza nimefika na mikate miwili ya boflo kwenye mfuko, mzee anayelinda akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo mikate ni ya chai?"

Nikamwelezea kwamba nataka kuwamwagia samaki waje juu alafu nirushe ndoano katikati yao. Akachukua mkate mmoja akaenda kuuweka kibandani kwake, ule mwingine akaukata nusu. Akaniambia kijana wangu, mkate usioliwa unaenda chini unaoza, ukioza unakula hewa ya maji, alfajiri mi nakuja nakuta samaki wote wako juu wanatweta. Nusu hii inakutosha mpaka jioni, na saa kumi usiniwekee mkate kabisa, hiyo ni saa ya pelleti. Nimekuja kugundua ile nusu mkate ndo iliyonifundisha huu uvuvi kuliko maelezo yote ya kwenye boksi.

Sasa nzi mweupe, wa mkate, wako nane. Ukimshika mkononi ni kidonge cha manyoya ya swala yaliyobanwa na uzi yakachanua, alafu yakakatwa na mkasi, pembeni wameacha nywele mbili tatu zimechomoza ovyo na nadhani ni makusudi maana kipande cha mkate nacho hakinaga ukingo ulionyooka. Ametengenezwa vizuri, hilo nawapa. Shida ni kwamba akitoka kwenye boksi ni mkavu mno, anakaa juu ya maji kama boya wakati mkate wa kweli ndani ya dakika moja umeshalowa, nusu iko chini nusu iko juu. Siku ya kwanza nimeona sato wanakula mkate kushoto, wanakula mkate kulia, wanamfikia nzi wangu wanasimama, wanamtazama kwa chini, wanageuka. Zaidi ya mara kumi! Nikamtoa, nikamlowesha, nikamminya kwa vidole mpaka mapovu yakaisha, nikamrudisha. Akawa analala ndani ya maji, juu kimebaki kidoa cheupe tu. Haikuchukua muda nikapata wa kwanza, nusu kilo na zaidi kidogo.

Kitu kingine kinachomfukuza samaki ni nzi kutembea. Mkate unaenda na maji na upepo taratibu, nzi wako amefungwa, upepo ukisukuma mshipi nzi anaanza kuvuta mstari kwa nyuma kama kaboti, hapo hata ungekuwa umemtengeneza kwa mkate wenyewe hawamgusi. Kwa hiyo simama upepo ukiwa mgongoni, rusha alafu achia mshipi kidogo ulegee. Mi napaka mafuta ya mgando kwenye ule uzi mwembamba wa mbele ili uelee, ila sentimita kama 30 za mwisho karibu na nzi nazisugua na tope zizame, uzi unaoelea unaonekana kirahisi sana kwa aliye chini.

Na sasa kumwaga, maana bila kumwaga hili boksi ni mapambo. Wengi wanadhani kumwaga ni kutupa mkate mwingi samaki wajae. Nilidhani hivyo na mimi. Lakini fikiria, ukitupa vipande 40 nzi wako ni wa 41, samaki ana sababu gani ya kumchagua yeye? Na akishiba ndo basi. Ninachofanya sasa hivi, nakata vipande vya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, sawasawa na nzi, natupa vinane karibu na ukingo niliposimama, upepo uvisogeze vyenyewe mbele yangu. Sirushi. Fimbo iko chini. Mara ya kwanza wanakula kwa woga, unasikia chwap moja, kimya, chwap nyingine. Natupa vinane tena. Hapo wanaanza kuja wawili wawili kwenye kipande kimoja. Raundi ya tatu natupa vitano, ya nne natupa vitatu, yaani naongeza njaa badala ya kuongeza mkate, na ukiona wanagombania mpaka maji yanaruka ndo unarusha, ila usimdondoshe nzi vichwani mwao, mpitishe mbele ya lile kundi alafu mvute polepole mpaka aingie katikati ya vipande, umuache atulie. Kidoa cheupe kikipotea usishtuke kuvuta. Sato anadonoa kwanza. Subiri uone uzi unaondoka wenyewe, hapo inua fimbo. Nimewakosa wengi sana kwa haraka ya mkono kabla sijaizoea hiyo subira, na nikikaa nyumbani Jumatatu bado nauona ule mdomo ukifunguka na mkono wangu ukiinuka mapema.

Wapo wanaosema kumwaga ni kuiba, kwamba samaki inabidi umkute anakula vyake. Kwenye baadhi ya majimbo Marekani kumwaga kumepigwa marufuku kabisa kwenye maji baridi, na nawaelewa kwa mto au ziwa la wote. Bwawa la kufugia ni habari nyingine, mule mkono wa mtu ndo msimu wa mvua na kiangazi vya yule samaki, ukiigiza anachopewa umeigiza maisha yake halisi.

Nzi wa pelleti, wa kahawia, wako kumi na ndo waliolipa hela yangu. Ni sponji ngumu ya duara, imezungushiwa uzi. Saa kumi mzee anatoka na ndoo yake, na kabla hajatupa hata punje moja maji yameshaanza kuchemka, wanamjua kwa kishindo cha miguu. Nilimuomba nirushe baada ya yeye kutupa konzi mbili za kwanza, akakubali. Hapo hakuna kuchagua, samaki hana nafasi ya kuonja, akichelewa mwenzake amekula. Na ndo wakati kambale wanapanda. Kambale ana sharubu nane na anaziamini kuliko macho, nzi hana harufu wala ladha, kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa nampitishia bure kabisa. Kwenye vurugu ya pelleti anafungua mdomo mpana na kufagia kila kilicho juu. Mara ya nne niliyoenda kambale mmoja alimchukua nzi, sikumuona hata alivyokuja, niliona tu maji yamefunga na fimbo imekunjika mpaka kwenye mpini. Alipita chini ya lile gati la mbao, akarudi, akakaa chini kama gunia, rili inalia, mzee kaacha ndoo anasema mwache aende, mwache aende, usimlazimishe! Dakika kumi na tano hivi. Kilo tatu na robo kwenye mzani. Mkono ulikuwa unatetemeka nikashindwa kumtoa nzi mdomoni, mzee ndo akamtoa na plaizi.

Na plaizi yenyewe ikatuonyesha ubovu. Ndoana ilikuwa imefunguka, ile pinde imekuwa kama herufi L. Kambale yule alibaki kidogo tu aondoke. Tangu hapo zimefunguka mbili nyingine, zote za kahawia, kwa hiyo sio bahati mbaya, ni chuma laini. Kwa mtu anayesema kafunga nzi wa samaki wa kilo 10 na kuendelea hili ni kosa kubwa, na nilipomuandikia muuzaji alijibu niwe mpole kwenye kuvuta, basi. Alafu saizi ni 6 na 8 (kwenye ndoana, namba ikiwa ndogo ndoana ni kubwa), kwa mdomo wa kapi sawa, kwa sato wa robo kilo ni kubwa mno, anadonoa pembeni na kuondoka. Sato mwenye mwili ndo anaimeza. Pia zina kile kijimwiba cha nyuma, kama unataka kumrudisha samaki majini kibane na plaizi kabla hujaanza.

Sita zilizobaki ni za zambarau, za kuigiza tunda la mforosadi. Marekani hiyo ni habari kubwa, matunda yakiiva kapi wanakaa chini ya mti wanasubiri yadondoke, mvuvi anamuachia nzi adondoke kwa kishindo tu kama tunda. Nimezijaribu siku mbili nzima. Hakuna hata aliyesogea kutazama. Na sishangai, kwenye lile bwawa hakuna mti hata mmoja ulioinamia maji, sato wale wametolewa wakiwa vifaranga wakaletwa pale kwenye pelleti, tunda hawajawahi kuliona.

Nyeupe zilipoanza kupukutika manyoya nilichukua yeboyebo nyeupe iliyokatika, nikakata kipande kama punje ya harage, nikakipasua kati, nikakifunga kwenye ndoana namba 10 nzuri niliyonunua hapahapa mjini, tone la gundi. Haizami, hailowi, ila nikiifunga na uzi mwingi inashuka vizuri mpaka nusu. Jumamosi iliyopita imenipa sato wanne, na boksi lilikuwa kwenye begi. Mjukuu wa mzee akaomba moja, nimemuachia mbili.

Nyota tatu kwa tano. Kazi ya mkono ni nzuri, rangi ni sahihi, chuma ndo kimewaangusha. Nikiagiza tena nachukua nyeupe sita na kahawia sita, namba 10, kwenye ndoana ninazompelekea muuzaji mimi mwenyewe.