Plagini ya kuficha kurasa Google: nyota mbili, na hizo ni za huruma

Nimekaa na hii plagini (kiprogramu cha kuongezea kwenye tovuti) wiki tatu kwahiyo naongea kitu nachokijua. Nilikuwa na shida moja tu, kuna ukurasa wa ratiba ya zamu kwenye tovuti ya ofisi, una majina ya watu na namba zao za simu, sikutaka utokee mtu akisachi Google. Nikainstoli, nikatiki kiboksi cha "ficha ukurasa huu", ikaja alama ya kijani, nikalala zangu.

Wiki moja baadae mwenzangu anasachi jina la ofisi, ukurasa huo hapo! Maelezo hauna, ni kichwa na linki tu, lakini ukikliki unafunguka vizuri kabisa.

Kumbe plagini ilichofanya ni kuandika mstari mmoja kwenye robots.txt, lile faili la tovuti linaloambia boti wasiingie wapi, Disallow: /ratiba-ya-zamu/ basi. Huo mstari unamwambia boti wa Google, yaani programu yao inayopita kusoma tovuti, asiingie kusoma, haumkatazi kuuweka ukurasa kwenye matokeo. Akikuta linki yake sehemu nyingine anauorodhesha hivyohivyo japo hajui ndani kuna nini. Na robots.txt yeyote anaifungua na kuisoma, yaani umeficha kitu halafu umebandika tangazo ulikokificha.

Dawa yake ni noindex, ile meta tagi (kijimstari) kwenye kodi ya ukurasa inayomwambia Google asiuweke kwenye matokeo. Plagini inayo, ila wameizika huko ndani kwenye mipangilio mpaka uitafute na tochi. Nikaiwasha, na ile Disallow nikaiacha nikijua mbili zitakaza zaidi, kumbe ndo nimeharibu, siku kumi zikaenda bure. Boti kazuiwa mlangoni, hiyo noindex ataisomea wapi? Lazima umruhusu aingie ndo aikute. Hakuna hata onyo moja kwenye plagini kuhusu hili na ndo kitu kimeniudhi kuliko vyote. Halafu bado wanakupa chaguo la kuandika noindex ndani ya robots.txt, kitu ambacho Google waliacha kukifuata tangu Septemba 2019 jamani.

Ratiba ilikuwa na PDF yake pia. PDF huwezi kuiwekea meta tagi, inatakiwa seva yenyewe itume hedi ya X-Robots-Tag, yaani noindex hiyohiyo ila inatumwa pamoja na faili, plagini haigusi kabisa hayo mambo, nikahangaika mwenyewe kwenye .htaccess, faili la mipangilio ya seva.

Kilichoniokoa ni Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, kile kitufe cha kuomba linki iondolewe, bure kabisa, nimeomba leo kesho yake haipo. Ila inakaa kama miezi 6 tu kwahiyo hakikisha noindex inafanya kazi kabla muda haujaisha, na ni kwa Google peke yake, Bing unaenda kuomba kwao.

Nyota ya kwanza ni ya muonekano, kweli wamepanga vizuri. Ya pili nimewapa kwa sababu nilivyoifuta ilifutika yote na ule mstari wake wa Disallow. Ratiba nimeiwekea paswedi, maana hata na noindex mwenye linki alikuwa anaingia tu kama kawaida.