Chupa za Manukato za Kioo Kisumu: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayechagua chupa ya manukato, iwe katika maduka ya Barabara ya Oginga Odinga au kwenye vibanda vya soko la Kibuye siku ya Jumapili, huanza kuvutiwa na rangi na nakshi, ilhali kinachofaa kukaguliwa kwanza ni kizibo. Manukato yenye spiriti huyeyuka upesi katika joto letu la kando ya ziwa, na chupa isiyoziba ni pambo tu. Niliwahi kununua ya buluu, shingo ndefu kama ya korongo, na kabla basi halijafika Kericho nusu ya marashi ilikuwa imehamia kwenye leso niliyoifungia. Tangu hapo humwomba muuzaji maji kidogo, nikatia, nikaziba na kuipindua juu ya kiganja kikavu kwa dakika nzima.

Nafasi ya kwanza naipa chupa iliyokatwa nakshi kwa gurudumu, kazi ambayo mafundi wa Bohemia, katika Ucheki ya leo, wamesifika kwayo kwa karne kadhaa. Pitisha kidole kwenye mikato: kingo za kioo kilichokatwa ni kali, ilhali za kilichoshindiliwa kwenye kalibu, yaani chombo cha kuumbia, ni butu, na mara nyingi mshono wa kalibu huonekana ubavuni. Kisha chomoa kizibo. Kikiwa kimesuguliwa pamoja na shingo yake, sehemu zinazokutana huwa na ukungu na hukamatana unapokizungusha. Katika chupa za zamani, fundi aliweza hata kuchora namba moja kwenye kizibo na kwenye shingo, ili jozi isipotezane; namba zikitofautiana, kizibo hicho ni cha chupa nyingine.

Ya pili ni chupa tupu ya kampuni ya manukato yenyewe. Wapo wanaoidharau kwa kuwa imetoka kwenye kalibu, lakini René Lalique, sonara wa Ufaransa aliyemtengenezea mtengeneza manukato François Coty chupa mwanzoni mwa karne ya 20, alionyesha kwamba kalibu iliyochongwa vizuri nayo huzaa sanaa. Kasoro ya nyingi za siku hizi ni kinyunyizio kilichobanwa shingoni kwa bati, ambacho hakifunguki, kwa hiyo hazijaziki tena.

Ya tatu ni zile nyembamba za Kairo, zinazopulizwa juu ya moto na kutiwa dhahabu. Ni nyepesi mno, na vizibo vyake mara nyingi hulegea. Zinafaa kukaa rafuni, au kutiwa atari ya mafuta kidogo, kwani mafuta hayayeyuki upesi kama spiriti.

Mwisho kabisa ni zenye mpira wa kubonyeza na kishada. Zinapendeza kwenye meza ya vipodozi, ila mpira hukauka na kupasuka, na kupata wa kubadilisha ni kazi.

Mrashi sikuupanga humu kwa sababu si chombo cha kuhifadhia: kichwa chake kina matundu ya kuwanyunyizia wageni maji ya waridi arusini.

Chupa yoyote utakayochukua, isuuze kwa spiriti, iache ikauke kabisa, kisha iweke mbali na dirisha, maana jua huharibu harufu hata kizibo kikiwa kizima.