Rada ya kruzi imegoma? Pima haya kabla ya kununua nyingine

Habari zenu watazamaji, karibuni. Tuko Tanga mjini, upande wa Ngamiani, na bidhaa ya leo ni hii hapa mezani: rada ya mbele ya kruzi (ule mfumo unaoshika mwendo wa gari wenyewe), iliyotumika, ya Toyota. Ndiyo inayopima umbali wa gari lililo mbele yako ili kruzi ipunguze mwendo yenyewe bila wewe kukanyaga breki. Pembeni yake kuna nembo mbili za mbele, skana mbili za kusomea hitilafu za gari, na hiki kipande cha bati chenye umbo la kona. Vyote tutavigusa.

Swali linaloletwa kila mara ni lile lile: taa imewaka kwenye dashibodi, kruzi haikubali, je, ninunue rada? Kwa walio wengi jibu ni bado. Rada yenyewe haifi kirahisi. Kinachoharibika mapema ni njia yake ya kuona, kishikizo chake na waya zake, na hivyo vinarekebishika kwa gharama ndogo.

Kwanza jiridhishe kwamba gari lako lina rada. Vitz, Aqua, Axio na Fielder nyingi za kuanzia 2015 zilizotoka Japani zina kifaa cha leza na kamera pale juu kwenye kioo cha mbele. Zinaweza kukupigia kelele ukikaribia kugonga, lakini kruzi ya rada hazina. Subaru yenye EyeSight inatumia kamera mbili kwenye kioo. Ukimpelekea muuza spea ombi la rada kwa magari hayo atakuuzia kitu ambacho hakina hata pa kufungwa. Prius ya kizazi cha nne, C-HR, Harrier ya kuanzia 2017, hizo ndizo zina rada nyuma ya nembo, na inafanya kazi pamoja na kamera ya kioo. Dalili ya haraka ni nembo yenyewe: ikiwa laini kama kioo, usihisi mikunjo ya alama ukipitisha kidole, basi huenda nyuma yake kuna rada.

Sasa twende kwenye kupima, na tuanze na skana kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza hela. Hiki kidude kidogo cha bluetooth, ELM327, ni kizuri kwa kusoma injini. Kwa programu nyingi za simu kitaishia hapo, hakitaingia kwenye rada wala ABS, ule mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga. Unahitaji skana inayofungua mifumo yote ya gari, na yenye sehemu ya kulenga rada upya. Soma gari zima, usisome rada peke yake. Sababu ni hii: kruzi hujizima yenyewe mfumo mwingine ukiwa na hitilafu. Taa ya injini ikiwaka, sensa ya mwendo wa tairi ikikatika, swichi ya breki ikichoka, kruzi inafungwa, na rada haina kosa lolote. Swichi ya breki ndiyo ya kuangalia mapema kabisa. Mwambie mtu asimame nyuma, kanyaga breki taratibu sana mara kadhaa, taa za nyuma ziwake na kuzima bila kusita. Kama zinasita, umeshapata pa kuanzia, na swichi hiyo bei yake haikaribii hata kidogo bei ya rada.

Ukikuta namba ya hitilafu U0235, maana yake gari halisikii rada kwenye mtandao wa waya. Namba hiyo haisemi rada imekufa. Inasema hakuna jibu, na asiyejibu anaweza kuwa amekatiwa umeme. Andika namba zote, zifute, endesha, kisha soma tena. Betri iliyodhoofika wakati wa kuwasha gari huacha namba nyingi za uongo, na zikifutwa hazirudi.

Haya, njia ya kuona. Rada hizi zinatumia mawimbi ya kati ya gigahezi 76 na 77. Urefu wa wimbi moja ni karibu milimita 4 tu. Kwa hiyo chochote kilicho mbele yake, unene wake na kilichotengenezwa nacho, vina maana. Angalieni nembo hizi mbili. Kwa macho ni mapacha. Hii ya kushoto imetengenezwa kwa ajili ya rada: plastiki yenye unene uliopimwa, na ule mng'ao wa fedha ni tabaka jembamba mno linaloruhusu mawimbi kupita. Hii ya kulia ni ya urembo, ina kromu ya kawaida. Kromu ni chuma, na chuma inarudisha mawimbi. Ukiifunga hii, gari litakwambia safisha sensa, utasafisha mpaka jioni na ujumbe utabaki. Tathmini yangu kwa nembo za urembo kwenye gari lenye rada: usinunue, hata kama ni za bure.

Kwa magari ambayo rada yake imekaa nyuma ya bampa, adui ni pati na rangi. Fundi bodi akiziba ufa kwa pati ya milimita 2 au 3 kisha akapiga rangi yenye chembe za metaliki, amejenga ukuta mbele ya rada. Bampa itakuwa imependeza na kruzi itakuwa imepofuka. Eneo la mbele ya rada haliwekewi pati. Likipasuka, badilisha bampa au kipande hicho. Ngao ya mabomba ya chuma, fremu kubwa ya namba, stika ya klabu, yote hayo yaondoke mbele ya rada. Hili la ngao nalisema kwa uzito kwa sababu wengi huifunga kwa nia ya usalama, wakati inaua mfumo uliokuwa unawasaidia kusimama.

Na uchafu? Upo wa kutosha. Vumbi la upande wa Pongwe likipigwa na mvua ya masika linaganda, na tope la njia za Muheza ndiyo usiseme. Osha kwa maji, sabuni laini na kitambaa. Petroli na thina visiguse nembo hii, vinaifubaza na kuipasua. Mashine ya kuoshea yenye presha kubwa ipige kwa mbali, maana inasukuma maji ndani ya soketi.

Tukifika kwenye soketi, sogeza kamera hapa. Mnaiona hiyo pini ya pili kutoka mwisho? Ule ukijani ni kutu ya shaba. Gari linalolala Raskazone, upepo wa bahari unalipuliza chumvi usiku kucha, na rada iko mbele kabisa, chini, haina hata kivuli cha injini. Raba ya soketi ikilegea tu, chumvi imeingia. Pini ikifika hapo mawasiliano yanakatika na kurudi, taa inawaka kwenye barabara mbovu na kuzima kwenye lami.

Fungua hasi ya betri. Chomoa soketi kwa kubana kufuli lake, usivute waya. Piga dawa ya kusafishia soketi za umeme, sugua taratibu kwa mswaki laini, acha ikauke vizuri, kisha paka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye raba. Pini iliyoliwa ikawa nyembamba haisafishwi, inabadilishwa.

Halafu upime umeme. Rudisha betri, washa swichi bila kuwasha injini, soketi ikiwa imechomolewa. Chukua balbu ya wati 5, iguse kati ya pini ya umeme na pini ya ethi, yaani ya waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Iwake kwa nguvu, na mita isome karibu na volti za betri yenyewe. Mita peke yake inadanganya hapa, kwa sababu waya uliobakiwa na uzi mmoja bado utaonyesha volti 12 mpaka uubebeshe mzigo. Balbu ikiwa inawaka, weka ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.1, ethi imechoka, fuata waya mpaka inapofungwa kwenye bodi ukakwangue rangi na kutu.

Zinabaki waya mbili za mawasiliano, zile zilizosokotwa pamoja. Fungua tena hasi ya betri, subiri dakika chache, weka mita kwenye omu, pima pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya gari inayochomekwa skana. Mtandao wenye afya unasoma karibu omu 60, kwa sababu una vizuizi viwili vya umeme (resista) vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Karibu na sifuri, waya zimegusana. Ukisoma 40 na rada imebadilishwa karibuni, shuku rada yenyewe: baadhi zina kizuizi ndani na nyingine hazina, na aliyefunga isiyo ya gari hilo ameongeza kizuizi cha tatu. Kuna magari ambayo rada inaongea na kamera kwa waya zao wenyewe, kwa hiyo soketi ya skana haitakuonyesha kitu. Hapo unapimia kwenye soketi ya rada kwa kufuata mchoro wa gari husika.

Yote haya yakiwa sawa, umeme upo, ethi ipo, waya ni nzima, mbele ni peupe, na bado rada haijibu, basi imekufa. Ganda lenye ufa, ukungu kwa ndani, au maji yakisikika ukiitikisa, hiyo pia ni maiti. Usiifungue kuikausha.

Sasa bidhaa yetu. Rada iliyotumika naipitisha, kwa masharti. Namba ya spea iwe ile ile, herufi kwa herufi. Kwa Toyota inaanza na 88210, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha gari na gari. Inayofanana kwa sura haitoshi. Lebo ikiwa imebanduliwa, iache kwa mwenye duka. Angalia masikio ya kufungia kama hayana nyufa, maana spea nyingi zinatoka kwenye magari yaliyogongwa mbele, na mbele ndiko ilikokaa. Chungulia pini. Omba ije na kishikizo chake kama chako kimepinda. Baadhi ya magari ya Ulaya hayatapokea rada ya gari jingine mpaka iandikishwe kwa mashine, kwa hiyo ulizia hilo kabla ya kulipa.

Kuifunga ni bolti chache. Kazi yenyewe ni kuilenga, na hapa sitaki mtu apunguze hatua. Rada iliyopinda digrii 1 pembeni inakosea mita 1.75 ukiangalia mita 100 mbele. Hiyo ni kama nusu ya njia moja ya barabara zetu nyingi. Maana yake inaweza kufuata lori la njia ya pili na kulipuuza lililo mbele yako.

Anza na wili alaimenti, kwa sababu gari linaelekea kule magurudumu ya nyuma yanakoelekeza, na rada lazima ifuate mstari huo. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa mlangoni. Toa mizigo yote kwenye buti. Gari lililoinuliwa springi au kuwekewa spesa linabadilisha mwelekeo wa rada wa juu na chini, kwa hiyo kila ukigusa springi, lenga upya. Sakafu iwe bapa, na mbele pasiwe na mageti ya chuma wala magari. Kwa rada zenye sehemu ya kuwekea pima maji, weka, rekebisha bolti mpaka ikae. Kisha ndipo inakuja hii kona ya bati: inarudisha mawimbi kule kule yalikotoka, kwa hiyo rada inaiona kama nukta moja iliyo wazi. Isimamishe kwenye mstari wa katikati ya gari, kwa kimo cha rada, kwa umbali ambao kitabu cha gari kinautaja. Pima kwa futi na uzi wenye timazi, macho hayatoshi. Anzisha programu kwenye skana. Ikisema rada imevuka kiwango chake cha kujirekebisha, usirudie mara kumi, kishikizo kimepinda, kinyooshe au kibadilishe.

Magari mengine hulenga yakiwa barabarani. Skana itataja mwendo inaoutaka. Nenda asubuhi mapema barabara ya Segera, nje ya vijiji, ambako vibao vya 50 havikukatizi kila dakika, na awepo mtu wa pili wa kushika skana.

Majaribio yafanye na gari la mwenzako mbele, mguu wako ukiwa juu ya breki muda wote. Kumbuka kruzi nyingi hupuuza kitu kilichosimama ukiwa kwenye mwendo mkubwa, kwa sababu rada inachuja vibao na nguzo, na gari lililoharibika katikati ya barabara linaweza kuchujwa pamoja navyo. Baiskeli yenye mkaa na bodaboda navyo havionekani vizuri kama lori. Ikifuata gari la mbele bila kulipoteza kwenye kona ndefu, imelengwa. Ikilipoteza kwenye kila kona, au ikashika breki kwa sababu ya gari linalokuja upande wa pili, ulengaji wa kushoto na kulia bado. Ikiliona kwa kuchelewa kwenye barabara iliyonyooka, rudi kwenye pima maji, halafu angalia tena ile nembo.