OsmAnd kwa shoferi wa Lubumbashi: inaonyesha mwendo wa kweli, lakini haifuti amande (faini)

Sindano ya vitesi kwenye tablo ya gari haisemi kweli, na kiwanda kinajua. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengeneza magari wengi, inakataza sindano kuonyesha pungufu ya mwendo wa kweli, ila inairuhusu kuzidisha: asilimia 10 ya mwendo huo, ukiongeza kilomita 4. Gari likienda 50 kwa kweli, sindano inaweza kusoma hadi 59. Likienda 80, hadi 92. Nafasi hiyo ndiyo inayomlinda shoferi bila yeye kujua, mpaka siku anapobadilisha matairi.

Na Lubumbashi matairi hubadilishwa. Mashimo ya Katuba na Ruashi yanamfanya mtu atafute tairi nene zaidi ili gari lipande juu kidogo. Tairi la 195/65 R15 lina kipenyo cha milimita 634 na nusu. La 205/70 R15 linafika 668. Tofauti ni asilimia 5 na kidogo, na kila gurudumu likizunguka mara moja gari linasonga mbele kuliko sindano inavyohesabu. Sindano iliyokuwa ikizidisha kwa kilomita 4 sasa inasema kweli tupu. Ile iliyokuwa sahihi inasoma 80 wakati gari liko 84. Halafu kuna magari yaliyoshushwa kutoka Uingereza yenye tablo ya maili, ambapo 50 ni kilomita 80. Mwenye gari kama hilo akisema mbele ya rulaje, yaani polisi wa barabarani, kwamba alikuwa kwenye hamsini, anasema kweli na bado ana kosa.

Hapo ndipo OsmAnd inapoingia. Ni programu ya ramani ya simu inayotumia data za OpenStreetMap na kufanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa anayetoka mjini kwenda Likasi, Kipushi au Kasumbalesa, ambako mtandao hukatika njiani. Mwendo inaupata kwenye satelaiti. Kukiwa na anga wazi na gari likienda kwa mwendo ule ule, kosa lake ni kama kilomita 1 kwa saa. Haijali ukubwa wa tairi, haijali kama tablo ni ya maili au ya kilomita, wala haijali kwamba waya wa sindano umekatwa na fundi wa umeme.

Inachelewa, hata hivyo. Ukikanyaga breki ghafla, namba kwenye simu inafuata baada ya sekunde moja au mbili. Kwa hiyo usiitumie kupunguza mwendo mbele ya kibao. Itumie kujua sindano yako inakosea kiasi gani. Tafuta kipande kilichonyooka, shika 60 kwenye sindano kwa nusu dakika, abiria asome simu. Rudia kwa 80. Andika namba mbili hizo kwenye karatasi na uibandike karibu na tablo. Kwa watu wengi kazi hii peke yake inatosha, na programu inaweza kurudi kulala ndani ya simu.

Kuipata: toleo la bure la Google Play linaruhusu kupakua ramani 7. Kwa mtu wa hapa RDC, Zambia na Tanzania ni tatu, zinatosha, ila usizimalize kwa kupakua nchi usizokwenda. Anayeweza kutumia duka la F-Droid atakuta toleo lenye alama ya wimbi mwishoni mwa jina, lisilo na kikomo hicho. Ramani ni nzito. Zipakue mahali penye Wi-Fi, siyo kwa megabaiti za kununua. Mara ya kwanza programu itauliza kama ubakize au uondoe alama za kamera za mwendo, kwa sababu katika nchi fulani kuonywa kuhusu kamera ni kosa. Soma sheria ya unakokwenda kabla ya kubonyeza.

Mpangilio ndio unaowashinda wengi, kwani menyu ni nyingi kama mitaa ya komini ya Kenya hapa mjini. Kwa simu yenye Kifaransa, chagua profili ya gari, ingia kwenye mpangilio wa skrini, washa kipima mwendo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya navigasheni, sehemu ya sauti, washa onyo la kuzidisha mwendo na uweke kiasi kinachovumiliwa. Acha sifuri. Watu huweka 5 au 10 wakidhani wanajipa nafasi, wakati simu inasoma mwendo halisi na ile nafasi ya sindano haipo tena. Sehemu ya upande wa kuendesha iache ijichague yenyewe: ukivuka Kasumbalesa unahama kutoka kulia kwenda kushoto, na programu inafuata nchi.

Udhaifu mkubwa uko kwenye ramani. OsmAnd inajua kikomo cha mwendo mahali tu ambapo mtu wa kujitolea amekiandika kwenye OpenStreetMap. Barabara isiyoandikwa, programu inanyamaza, na kunyamaza kwake siyo ruhusa. Barabara nyingi za kwetu hazijaandikwa. Kwa hiyo ndani ya mji wa Lubumbashi sehemu ya onyo haina thamani kubwa. Kinachobaki ni namba ya mwendo, na jicho lako kwenye vibao. Upande wa Tanzania ni hatari zaidi ukiitegemea, kwa sababu kikomo kinashuka hadi 50 kila unapoingia kijiji na kinapanda tena unapotoka, na askari wa tochi, kama Watanzania wanavyoiita mashine ya kupimia mwendo, anapenda kukaa pale pale ndani ya 50. Lori la zaidi ya tani 3 na nusu lina kikomo chake, 80, hata barabara ikiwa tupu na imenyooka.

Kuna wanaouliza kama si afadhali kununua kile kidude cha kumulika namba kwenye kioo cha mbele. Viko vya aina mbili. Kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani kinasoma mwendo wa kompyuta ya gari, maana yake kinarithi kosa lile lile la matairi. Tena magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yana soketi inayofanana kwa umbo lakini inazungumza lugha nyingine, na kidude kinabaki giza. Cha satelaiti ni sahihi kama simu. Faida yake ni kwamba macho hayaachi barabara. Hasara yake ni jua la Oktoba: saa sita mchana namba hazionekani bila kubandika kile kikaratasi cha plastiki kinachokuja nacho, na bila hicho unaona namba mbili mbili. Kwa lori hakikisha chaja imeandikwa 12–24V. Ya 12 peke yake itaungua. Mwenye simu tayari hana sababu ya kukinunua.

Simu nayo ina shida zake na jua. Ikiwekwa juu ya tablo inapata joto, inapunguza mwanga, mwisho inajizima. Ishikize chini, karibu na tundu la hewa baridi, ambapo bado inaona anga kupitia kioo. Na usiishike mkononi ukiendesha, hata mara moja: hilo ni kosa jingine, na linaonekana kwa macho bila mashine.

Sasa karatasi ya amande yenyewe. Watu hupakua programu hii wakitumaini kwamba rulaje ikimkamata shoferi bila haki, simu itamtetea. Inaweza kusaidia kwa sharti moja: uwe umewasha kurekodi safari kabla ya kuondoka. Kurekodi ni kiongezi, yaani sehemu ya ziada ya programu, kinachowashwa peke yake kwenye orodha ya viongezi. Weka muda wa kuandika uwe sekunde 1. Ukiacha muda mrefu zaidi, kati ya nukta na nukta gari linaweza kupunguza na kuongeza mwendo bila alama yoyote. Kisha ingia kwenye mipangilio ya betri ya simu na uondoe kizuizi kwa programu hii. Simu nyingi za bei nafuu huua programu inayofanya kazi nyuma ya skrini ili kuokoa moto wa betri, na unafika mwisho wa safari ukiwa na rekodi ya dakika kumi za kwanza tu.

Faili inayotoka ni ya GPX. Ndani yake mwendo umeandikwa kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6. Penye 13.9 ni kilomita 50, penye 16.7 ni 60. Saa zake ndizo zinazowachanganya watu: zina herufi Z mwishoni, yaani ni saa za dunia. Lubumbashi na Zambia zipo saa mbili mbele, Tanzania tatu. Karatasi ikisema 14:30 hapa, tafuta 12:30 kwenye faili. Ikisema 14:30 Tunduma, tafuta 11:30. Asiyejua hili huonyesha kipande kisichohusika, na anayemsikiliza anaacha kuamini hata kile kilicho sahihi.

Usimwonyeshe askari simu kando ya barabara ukitegemea abadilishe mawazo. Pale kando ya barabara kazi yako ni kukusanya: omba kwa heshima kuona namba kwenye mashine, angalia saa yake, andika mahali, kikomo kilichoandikwa kwenye kibao na umbali kutoka kibao hicho. Picha ya kibao piga ukiwa umesimama mahali salama. Ila si kwenye barieri ya mpaka wala karibu na forodha, maana picha za pale zina matatizo makubwa kuliko amande.

Hoja nyingi za barabarani hazina nguvu. Kwamba askari alisimama pembeni na mashine imepima kwa mshazari, kwa mfano: pembe hupunguza namba, haiiongezi. Gari la kilomita 80 likipimwa kwa pembe ya digrii 20 linasoma 75. Hoja yenye uzito ni ya gari gani lililopimwa, na inategemea mashine. Ya leza ina mwale mwembamba, kwenye mita 300 haufiki upana wa gari, kwa hiyo inachagua gari moja. Ya rada mwale wake unatanuka, na kama lori lilikuwa linakupita wakati huo, inaweza kuwa imesoma lori. Hapo ndipo rekodi ya GPX inayoonyesha mwendo mmoja usiobadilika ina maana.

Kama kosa ni lako, lipa, na ulipe kwa njia inayoacha alama. Hapa kwetu dai PV (hati ya kosa) iandikwe, na malipo yapite kwa note de perception (hati ya kulipia serikali) na benki. Lipa kwa mkono bila karatasi na kesho barieri nyingine haijui kwamba ulilipa. Tanzania faini ya mwendo ni shilingi 30,000, na inatoka na namba ya malipo ambayo unaitumia benki au kwenye pesa ya simu. Deni linafuata namba ya gari, siyo jina la shoferi. Anayenunua gari lililowahi kutembea Tanzania aangalie deni lake kwenye mfumo wa polisi kabla ya kutoa pesa. Na kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari linalovuka mipaka, mtu asiitegemee hapa: inabeba madhara kwa watu wengine, haigusi amande.

Kwa kupima mwendo programu hii inastahili alama zote. Kwa kuonya, kwenye barabara zetu za leo, nusu. Nusu hiyo inaweza kuongezeka bila kumngoja mtu yeyote: ndani ya OsmAnd kuna kiongezi cha OpenStreetMap kinachokuruhusu kuacha maelezo mahali ulipoona kibao, kikomo chake na upande wa barabara. Andika ukiwa umesimama, utume ukifika kwenye mtandao. Kikishaingizwa kwenye ramani na wahariri, kitakufikia na sasisho la mwezi, basi tu ukumbuke kulipakua.